Mapigano ya Aruwimi: picha na yaliyobaki nje yake

Kitabu cha safari ya Henry Morton Stanley kilichochapwa London mwaka 1878 kina mchoro mmoja ambao haukosi pale habari zake na Mto Kongo zinapotajwa. Ni mapigano ya tarehe 1 Februari 1877, mahali Mto Aruwimi unapomwaga maji yake Kongo, ulipo mji wa Basoko leo. Mitumbwi ya vita imewakabili watu wa Stanley waliotia nanga na mashua yao, Lady Alice.

Wanaoukataa mchoro huu wana hoja. Michoro ya vitabu vya siku zile ilichongwa juu ya ubao na mafundi wa mjini, waliofuata michoro ya awali na maneno ya msafiri, na Stanley hakuwa mtu wa kupunguza hesabu. Aliandika mitumbwi 54, mkubwa kuliko yote ukiwa na wapiga makafi 80, arobaini kila upande. Nani aliihesabu huku risasi zikilia?

Lakini kuutupa tu ni hasara. Maelezo ya Stanley yanayokwenda nao yana mambo ambayo mtu hayatungi akiwa mezani: vijana kumi wamesimama omoni na manyoya ya kasuku kichwani, mekundu na ya kijivu, makafi yana vifundo vya pembe za ndovu. Anayetaka kujua mitumbwi ya Basoko ilivyokuwa kabla ya ukoloni hana vyanzo vingi vya kuchagua.

Tena anasema ngao zilishikwa na wasiopigana, wanawake na watoto wakiwemo, na bunduki zikaelekezwa kutoka nyuma yao. Hao ni watu wa msafara, wengi wao Waungwana wa Zanzibar. Mzungu mwingine aliyebaki hai alikuwa Frank Pocock peke yake. Sisi wa pwani tunaopenda kuusoma mchoro huu kama ugomvi wa Mzungu na Mwafrika tungeutazama tena, maana vidole vingi vilivyofyatua risasi siku ile vilikuwa vya kwetu.

Upande wa pili una msemaji wake. Miaka mingi baadaye, mkuu mmoja wa watu wa mto huo, Mojimba, alimsimulia mmisionari Joseph Fraessle kwamba walipopata habari za mtu mweupe walimdhani ndugu yao aliyekufa majini amerudi. Wakaandaa karamu, wakavaa mavazi ya sherehe, wakatoka na mitumbwi na ngoma kwenda kumlaki. Wakajibiwa kwa risasi, kisha kijiji kikachomwa.

Nami simezi yote. Maneno ya Mojimba yalipita mkononi mwa mmisionari na yalikwisha kaa miaka mingi kifuani. Stanley alikuwa amepigana na vijiji vya mto kwa wiki kadhaa, na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, alikuwa amemsindikiza hadi Desemba 1876; siamini kuwa habari za bunduki hazikuwa zimeutangulia msafara. Huenda mitumbwi ile ilibeba chakula na mikuki pamoja.

Hapo ndipo mchoro unaponishinda. Manyoya ya sherehe na ya vita ni yale yale, ngoma nayo haisikiki kwenye karatasi. Fundi alipewa dakika moja ya kuchonga, na ilichaguliwa dakika ambayo mwenye mtumbwi hawezi kuonekana ila mvamizi. Dakika zilizofuata Stanley anazisimulia mwenyewe: watu wake waliwafukuza wenyeji mpaka kijijini, wakapigana nao katika njia za kijiji, wakakuta jengo la ibada, paa lake limeshikiliwa na pembe za ndovu 33. Wakazichukua.

Ningekuwa mhariri wa kitabu cha historia cha shule, ningeubakiza mchoro. Chini yake ningeandika tarehe, mahali, maneno mawili matatu ya Mojimba, na hesabu ile ya pembe.