Jengo la kulala Nakuru: pesa za ukarabati ndizo rahisi

Nakuru haikosi majengo ya umma yaliyoachwa yachakae, na haikosi watu wanaolala kwenye veranda za maduka, karibu na steji za matatu na kandokando ya dampo la Gioto. Wazo la kuiomba serikali ya kaunti itenge fedha za kukarabati jengo moja kati ya hayo, liwe makao ya wanaolala nje, huja lenyewe. Nimelisikia likitetewa kwa moyo wote, na nimelisikia likipingwa na watu wenye nia njema. Mimi naliunga mkono, ila si katika umbo ambalo huwa linaombwa.

Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa 2018 iliwahesabu watu 46,639 nchi nzima. Kisumu walikuwa 2,746, Uasin Gishu 2,147 na Nakuru 2,005. Nakuru haikuwa jiji wakati huo. Hati ya jiji ilikuja Desemba 1, 2021, na mji unaokua huvuta watu wa kila hali. Hata idadi hiyo ikiwa imepanda, kaunti yenye wakazi zaidi ya milioni mbili haiwezi kusema imezidiwa na watu ambao afisa mwenye daftari angeweza kuwajua kwa majina.

Pingamizi la kwanza ni kwamba pesa za umma zina kazi nyingine: zahanati zisizo na dawa, walimu wa chekechea, mitaro ya maji ya mvua, barabara za vijijini Kuresoi. Ni pingamizi la haki, na halijibiwi kwa kumwita anayelitoa mtu asiye na huruma. Jibu lake ni kwamba pesa za umma tayari zinatumika kwa watu hawa. Zinalipa askari wa kanjo wanaowafukuza usiku na kuwakuta palepale asubuhi. Zinalipa seli za polisi na vitanda vya dharura hospitalini kwa maradhi ambayo yangetibiwa mapema kwa gharama ndogo. Februari 2019 makumi ya watoto na vijana wa mitaani waliondolewa Nakuru na kutelekezwa karibu na msitu wa Chemususu, Kaunti ya Baringo, na kisa hicho kikafika hadi Seneti. Gari lililowabeba lilikuwa na mafuta, na kuna aliyeyalipia. Kwa hivyo linalobaki kuamuliwa ni pesa hizo zinunue nini.

Katiba nayo haiachi nafasi kubwa ya kukwepa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Serikali inaruhusiwa kuitimiza haki hiyo hatua kwa hatua, lakini kifungu cha 20 kinasema ikidai haina uwezo, ni juu yake kuthibitisha hivyo. Tena Jedwali la Nne linaipa kaunti jukumu la upangaji na maendeleo, nyumba zikiwemo. Nyumba za bei nafuu zinazojengwa kwa tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara hazimfikii anayelala nje. Hata zile za daraja la chini kabisa zimekusudiwa mwenye kipato, awe na kitambulisho na aanze kwa kuweka amana.

Hadi hapa upande wa waombaji una nguvu. Unapolegea ni pale wanapoandika bajeti.

Ombi la aina hii karibu kila mara ni la mabati, rangi, vyoo, vitanda na ukuta. Hayo ni matumizi ya maendeleo, na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa matumizi hayo. Mwanasiasa anayapenda pia, kwa sababu yana siku ya uzinduzi na jiwe lenye jina lake. Gharama zinazofuata hazina jiwe. Nani atalinda lango usiku? Nani atalipa maji, umeme, sabuni, kunyonya shimo la choo? Nani atakaa na kijana anayejaribu kuacha kunusa gluu katika wiki ile ya kwanza, anapotetemeka na kutaka kurudi mtaani? Hesabu ya chakula pekee, nikikadiria Sh150 kwa mtu kwa siku kwa watu 60, ni Sh3,285,000 kwa mwaka, na hapo hujaajiri hata mtu mmoja. Sote tunazijua zahanati zilizojengwa zikafungwa kwa kukosa muuguzi. Makao ya kulala yakifika hapo huwa mabaya kuliko zahanati iliyofungwa, kwa sababu yenyewe hayafungwi: yanabaki wazi bila msimamizi, wenye nguvu wanawatawala wanyonge, na wanawake wanakuwa wa kwanza kurudi kulala nje.

Jengo lenyewe lina deni lake pia. Majengo mengi ya umma ya zamani yaliezekwa asbesto, yenye nyuzi zinazodhuru mapafu zikivutwa, ambayo haiwezi kung'olewa na kutupwa ovyo. Yanahitajika mkandarasi mwenye leseni na mahali palipoidhinishwa pa kuizika. Mengine hayana hati safi, au mwenyewe ni shirika la kitaifa kama lile la reli na si kaunti. Kukarabati kwa pesa za umma jengo ambalo miliki yake inabishaniwa ni kumtengenezea mnyakuzi mali yake. Wanaouliza swali la hati wasionekane wapinzani wa maskini.

Kuna hoja nzito zaidi, nayo inatoka kwa watu wanaowatetea wasio na makao. Wanasema mabweni hayamalizi hali ya kukosa makao, yanaipa paa tu. Mfano wao ni Ufini, ambako kuanzia 2008 serikali iliamua mtu apewe kwanza nyumba yenye mlango wake na ufunguo wake, kisha msaada mwingine umfuate humo. Mabweni ya zamani ya Helsinki yalikarabatiwa kwa msaada wa fedha za umma, lakini yakagawanywa kuwa nyumba ndogo za kupanga. Ukiuleta mfano huo hapa, hesabu inashawishi. Tuseme ukarabati ungegharimu Sh20 milioni. Pesa hizo zingelipa kodi ya vyumba 100 vya Sh3,000 kwa mwezi, katika mitaa kama Rhonda na Kaptembwo, kwa zaidi ya miaka mitano.

Hesabu hii naichukulia kwa uzito, lakini haimalizi mambo. Mwenye nyumba wa Rhonda anataka kitambulisho, amana na mtu wa kumpigia simu kodi ikichelewa. Msichana mwenye mtoto wa miezi miwili, aliyeishi mtaani tangu utotoni na ambaye hana hata cheti cha kuzaliwa, hana hata kimoja kati ya hivyo. Usiku wa leo anahitaji mahali, na ndani ya miezi michache anahitaji karatasi, matibabu na mtu wa kumdhamini. Hapo ndipo jengo linapokuwa na kazi ambayo vyumba vya kupanga haviwezi kuifanya. Liwe dogo, la watu 30 au 40, lenye muda uliowekwa wa kukaa. Pembeni yake kuwe na mfuko wa kodi wa kumtoa mtu nje ya jengo kumpeleka kwenye chumba chake. Bila mfuko huo, vitanda vitajaa mwezi wa kwanza na havitaachwa tena.

Nakuru imeshapitia hali hiyo. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, maelfu ya waliofurushwa walihifadhiwa katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Serikali ilipotaka warudi makwao mwaka 2008, ilitoa Sh10,000 za kuanzia maisha, na wengi ambao hawakuwa na pa kurudi walijikusanya kununua vipande vya ardhi na kuishi katika kambi kama ya Pipeline kwa miaka. Watu walipewa hifadhi kwa haraka, na wema wa wakazi ulionekana, lakini njia ya kutoka haikuwa imefikiriwa.

Kuhusu watoto, hapa siungani na waombaji wengi. Picha ya mtoto mwenye chupa ya gluu ndiyo inayofungua mifuko, kwa hiyo ombi huandikwa kwa jina lake. Lakini sera ya nchi imegeuka. Mwaka 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya ya hisani ya watoto, na mkakati wa kitaifa wa malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye taasisi warudi kwa jamaa au familia nyingine za kuwalea. Nadhani sera hiyo ni sahihi, kwa sababu mtoto aliyekulia bwenini hutoka na miaka 18 bila jamaa wa kumpokea. Mtoto anayeokolewa usiku apewe kitanda cha muda mahali pake tofauti, chini ya afisa wa watoto, wakati nyumbani kwao Molo au Eldama Ravine kunatafutwa. Asilazwe ukumbi mmoja na wanaume wazima kwa sababu jengo lilipatikana moja.

Wapo wanaohofia kwamba makao yatavuta watu kutoka miji ya jirani. Huenda yakavuta wachache. Suluhisho ni Nakuru, Uasin Gishu, Kisumu na Kakamega kukubaliana kila moja kuwa na pake, jambo ambalo linazungumzika.

Kwa ombi lijalo, ningetaka kuona hati ya umiliki, fungu la matumizi ya kawaida lililoandikwa kwenye bajeti ya kaunti kwa miaka mitatu badala ya ahadi ya wafadhili, mfuko wa kodi, na jina la idara itakayowajibika vitu vikiharibika. Kikundi cha kijamii au kanisa linaweza kuendesha kazi za kila siku, lakini mwajiri wa mlinzi na mlipaji wa maji awe kaunti. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wanaosubiri vikao vya wananchi vya Mei kuleta picha za jengo bovu huwa wamechelewa, kwani mradi usiokuwa kwenye mpango wa Septemba ni vigumu kuuingiza. Waanze na wawakilishi wa wadi mwezi wa Julai, wakiwa na hesabu ya chakula na mishahara mkononi kabla ya hesabu ya mabati.