Nilidhani Natunzwa

Haya. Kwa kuwa ile sauti ya dakika nne ya kwenye simu, inayosimulia aibu yangu ya jukwaani, imeshafika kwetu Unguja, imefika Michenzani, imefika Mwanakwerekwe, na asubuhi hii shangazi yangu wa Maskati kanipigia anacheka hata salamu imemshinda, bora mnisikilize na mie mwenyewe mwenye fedheha, mwimbaji wa taarabu. Aliyeisambaza mnamjua. Mpiga dumbaki wetu, ile ngoma. Yupo hapa mbele yangu kwenye gari, kalala mdomo wazi, tunaelekea Ujerumani, na shingo yake nimeshaitazama mara tatu.

Kwanza nisahihishe. Yule bwana sikumbusu. Nilimshika mkono tu. Na neno "hundi" sikulisema kwenye kipaza sauti, nililisema pembeni yake. Kumbe vya Ulaya vinasikia mpaka pembeni.

Sasa tuanze. Ni juzi usiku, Ubelgiji, tamasha la muziki wa dunia, jina lake silitaji maana wale watu hawana kosa lolote. Usiku nasema kwa mazoea tu. Saa mbili na nusu jua lile pale, linawaka kama la alasiri, Magharibi yenyewe inaingia karibu na saa nne. Uwanja wa majani, mahema mawili makubwa, moja hapa moja kule. Hema hili likinyamaza, lile linaanza, watu wanahama na vikombe vyao. Kila kundi limepewa saa moja. Sio saa moja ya kwetu ya "tuanze tukimaliza chai". Saa moja ya dakika sitini.

Nyumbani tukipanda jukwaani sote hatupungui ishirini. Kwa safari tumekwenda saba, maana tiketi na viza havina huruma: kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kisha udi, fidla, akodiani, besi, dumbaki, na mie. Kiongozi wetu Maalim ndiye wa kanuni. Maalim akishaanza kupiga hufumba macho mpaka wimbo uishe, na simu yake ni ya kitochi. Hayo mawili yawekeni kichwani.

Mchana walituita kukagua sauti. Maalim ana nyuzi sabini na kitu za kurekebisha, na hewa ya kule imeshazivuruga zote, kwa hiyo sote tulikuwa tunamsubiri yeye. Akaja dada mmoja, mpole kabisa, akatueleza mambo kwa Kiingereza. Kaeleza dakika tatu nzima. Kaonyesha sakafuni, kaonyesha pembeni, kanyanyua vidole vitano, kisha viwili. Mie Kiingereza changu ni cha salamu na bei, nikamgeukia mpiga dumbaki, ndiye mkalimani wetu. Nikamuuliza, "Anasema nini?"

Akasema, "Wametukaribisha."

Wallahi hilo tu. Dakika tatu za maelezo, yeye katafsiri neno moja, kisha kaenda kutafuta chaji.

Basi tukapanda. Tukafungua na bashrafu, muziki mtupu usio na maneno, watu wakatulia. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mambo mazuri, msidhani nilikwenda kuaibika tangu mwanzo. Niliimba. Hayo shangazi hajayasikia kwa sababu kwenye ile sauti hayamo.

Miguuni pangu palikuwa na kisaa cha taa nyekundu, kimelazwa sakafuni kinanitazama. Nilikitazama mara ya kwanza kinasema 31. Baadaye 19. Nikajisemea, masikini, saa yao inarudi nyuma, wageni wote hawa na saa mbovu. Nikaona aibu kwa niaba yao.

Wimbo wa nne ndio wenyewe. Ule wa mwisho, mrefu, ambao kwetu ukiuanza kina mama wanafungua pochi, wanakuja mbele wanacheza, wanamtunza mwimbaji pesa mkononi. Nipo ubeti wa pili. Pembeni ya jukwaa, kulia kwangu, akatokea bwana mmoja.

Hapa naomba mnisikilize taratibu, maana hapa ndipo heshima yangu ilipozikwa.

Bwana yule mrefu, fulana nyeusi, kaptula nyeusi ya mifuko mingi kama fundi umeme, tochi kiunoni, kidude sikioni. Anakuja kwangu. Anakuja kainama kidogo, magoti yamekunjika, kumbe hataki kuwaziba watazamaji. Anapiga hatua moja, anasita, anapiga nyingine upande, kumbe anaruka waya. Na mkono wa kulia kaunyanyua juu, kashika karatasi.

Nyie mnaoijua taarabu hebu niambieni. Mtu anakuja mbele taratibu, kainama, anayumba kulia anayumba kushoto, anafuata dumbaki, mkono juu, karatasi mkononi. Huyo anakuja kufanya nini?

Ahsanteni.

Nikatabasamu. Nikajisemea moyoni, angalia Mzungu alivyokuwa na adabu, kasoma mila zetu kabla ya kuja. Nikamsogelea, na kanga yangu nikaitengeneza begani. Ile karatasi kwa ukubwa ilinishangaza kidogo, noti gani hii sawa na daftari la skuli? Kisha nikaona pembeni tarakimu moja nene kwa wino mweusi: 5. Na maneno mawili matatu chini. Nikaelewa. Hundi.

Sasa mwimbaji mwenye malezi hatazami katunzwa kiasi gani. Unapokea, unainamisha kichwa, unaendelea kuimba. Kuisoma pale pale mbele za watu ni ulafi. Kwa hiyo sikuisoma. Adabu ndiyo iliyoniponza, msinicheke. Nikaichukua. Yeye kidogo hakuiachia, nikaona haya zake, nikamshika mkono ule kwa mikono yangu miwili, nikamwinamia, nikaivuta. Nikaikunja mara nne nikaitia kiganjani. Kisha nikamgeukia mpiga udi nikamnong'oneza, "Katoa hundi."

Uwanja mzima ukasikia. Neno lenyewe hawakulijua, alhamdulillahi, lakini mpiga dumbaki wetu alilijua. Na yeye, kwa pale alipokaa nyuma yangu, ile karatasi aliisoma yote kabla sijaikunja. Aliisoma. Dakika tano zimebaki, ndivyo ilivyoandikwa. Akanyamaza. Akainamia ngoma yake mabega yanatikisika, mie nikadhani kapandwa na mdundo.

Mtu akishakutunza, unafanya nini? Unamrudishia ubeti, ndio heshima yake. Nikamwonyesha kidole cha kuzungusha mpiga fidla, tukarudi mwanzo.

Na hapo ndipo bibi mmoja wa Kizungu, nywele nyeupe, soksi ndani ya viatu vya wazi, aliyekaa mstari wa mbele tangu bashrafu, akaelewa. Kaona mtu kaleta kitu, kashikwa mkono, kainamiwa. Akanyanyuka, akapanda vile vingazi vya mbele akicheza kwa namna yake, akanitia mkononi kijisarafu cha plastiki. Kule kwenye matamasha yao vinywaji hununui kwa pesa mkononi, unanunua vijisarafu kwanza. Kanitunza soda, bibi wa watu. Nikamwinamia. Watu wakapiga makofi. Akapanda wa pili. Wa tatu. Kijana mwenye mtoto begani. Mara pakawa na foleni, Yarabi, foleni ya Wazungu wanatunza taarabu, kila mmoja na kijisarafu chake, na mie kila mmoja namrudishia ubeti.

Toka enzi za Sultan Barghash, ambaye wanasema ndiye aliyempeleka mtu Misri kwenda kujifunza kanuni, hadi leo hii, nilijiona mie ndiye niliyeufikisha mzigo.

Ndani ya ile foleni, mtu wa nne, nikamwona tena bwana wa fulana nyeusi. Kasimama nyuma ya mama mmoja mnene, anachungulia begani kwake, mkono juu, karatasi mpya. Nikasema huyu kaniendea wazimu, karudi mara ya pili! Zamu yake ilipofika nikaona tarakimu 2. Kidogo nikavunjika moyo, kutoka tano mpaka mbili. Lakini pesa haidharauliwi. Nikapokea. Safari hii alisema kitu, nikamjibu "Ahsante sana, baba," nikamrudishia beti mbili kufidia.

Kile kisaa, nikitupa jicho, kinasema 0. Baadaye kikawaka na kijistari mbele: -3. Nikasema alaa, kumbe muda wote huu ni kipimajoto. Hasi tatu! Na mie ndani ya baibui najiona natoka jasho, nikajua ni homa.

Kwenye -8 akaja mara ya tatu. Hakuinama. Hakuruka waya, alizikanyaga. Uso umemwiva, karatasi kaishika kwa mikono miwili, kaikaza, kainyoosha mbele ya uso wangu. Nikasema huyu sasa kazidiwa na hisia, anataka kutoa na hataki kutoa, nimewaona wengi kama yeye. Mtu wa namna hiyo humlazimishi, unambembeleza. Nikamwimbia yeye peke yake, jicho kwa jicho, huku nimeishika ile karatasi kwa ncha. Akavuta. Nikavuta. Akavuta, nami, kwa taratibu, natabasamu, naimba, nikavuta kwa nguvu zote za mtoto wa Makunduchi. Akaiachia.

Nikainyanyua juu.

Nyumbani mtu akitoa kubwa unainyanyua watu waone ukarimu wake, si ndiyo? Nikainyanyua juu kwa mikono miwili, nikaigeuzia watu, nikageuka nayo kulia, nikageuka nayo kushoto, kipande cha mwisho cha kiitikio nimekishika pumzi haijakatika. Watu wakalipuka. Kelele zile sijapata kuzisikia maisha yangu. Wanacheka, wanapiga miguu, yule bibi wa soksi kajishika mbavu. Nikasema leo nimefika.

Nikageuka nyuma kumwangalia Maalim aione furaha hii. Maalim macho kafumba. Lakini juu ya kichwa chake, na hili hakuna aliyeniambia mchana, au yule dada aliniambia kwa Kiingereza, palikuwa na skrini kubwa kama ukuta wa nyumba. Na ndani ya skrini nimo mie, urefu wa mnazi mdogo, meno yote nje, nimenyanyua karatasi nyeupe yenye herufi nne nyekundu ambazo hata asiyekwenda skuli anazijua, maana zipo barabarani:

STOP.

Mkono haukushuka. Nataka mjue hilo. Ubongo ulishaelewa, mkono ukabaki juu, kama umegandishwa na ile hasi nane. Nikalisoma neno. Nikalisoma tena. Nikaukumbuka mkunjo wa kwanza ulio kiganjani, nikaukunjua kidogo kwa kidole gumba, tano, na lile neno la pili ni dakika. Kisaa sakafuni kikaniambia -9. Na kutoka hema la pili, kule mbali, tarumbeta za watu waliochoka kusubiri zikaanza bila kutuaga.

Yaliyobaki mafupi. Taa zikazimwa, tukashuka, yule dada mpole akanipa maji, bwana wa fulana nyeusi nikamwomba radhi kwa Kiingereza changu cha bei. Alikuwa mwema kuliko nilivyostahili, alicheka mpaka akakaa chini juu ya sanduku la nyaya. Wakubwa wa tamasha hawakucheka sana, lakini hawakutukata malipo.

Na wale mnaoandika chini "lakini wewe si uliimba Sauti za Busara, hukuona muda unavyokwenda pale?" Nisikilizeni. Tamasha lile la muziki la kwetu Unguja lipo tangu 2004, na muda pale ni muda, najua. Ila kwenye jukwaa lake pale Ngome Kongwe mie niliimba mstari wa nyuma, mwitikiaji. Kuangalia saa hakukuwa kazi yangu, ilikuwa kazi ya Bi Mkubwa wa mbele. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu, Mungu amrehemu, dunia hii hii aliizunguka mpaka mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, ile ya muziki wa dunia. Mie nimezunguka, nimepewa STOP. Ipo kwenye mkoba, sijui kwa nini sijaitupa.

Vijisarafu vilikuwa kumi na moja. Tunzo kwetu ni ya kundi, na kumi na moja kwa saba haigawanyiki, kwa hiyo mpiga dumbaki alikwenda navyo baa akarudi na soda saba, na vilivyobaki akabadilishana na kijana mmoja kwa chipsi za mayonezi. Alizila zote huku anarekodi ile sauti mnayotumiana. Mayonezi yanasikika.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike humu badala ya kupiga simu nyumbani. Maalim hakuona kitu. Alifumbua macho taa zimeshazimwa. Ila neno hundi alilisikia vizuri kabisa, na asubuhi wakati wa chai kanivuta pembeni, kwa sauti ya chini wengine wasisikie, kaniuliza tutaivunja Ulaya hukuhuku au tungoje benki ya Unguja, maana anataka nyuzi mpya za kanuni na huku ndiko zinakopatikana.

Nimemwambia tungoje. Mwenye namba ya kile kitochi chake, nakuomba kwa Mungu, usimpigie.