Bumu la kutolea jasho

Nilipokuwa mwaka wa pili Dar, nilifanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wiki nane kwenye ofisi moja ya umma. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga mafaili na kufuata chai. Nauli juu yangu, msosi juu yangu. Hela ya fildi, kama bumu lote la mwanachuo, ilitoka Bodi ya Mikopo, yaani deni: ukiajiriwa wanakukata asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Nilikopa ili nikatumwe chai, na wala sikuona ajabu.

Sasa niko Des Moines, Iowa, nina grini kadi, nasomea ualimu kwenye chuo cha jamii cha miaka miwili. Mara tatu kwa wiki napanda basi kwenda shule ya msingi kuwasaidia watoto wa darasa la pili kusoma. Shule haina undugu na chuo chetu, ila nalipwa. Ni mpango wa serikali kuu ya Marekani, Federal Work-Study, ulioanza 1964: mwanafunzi asiye na uwezo anapewa kazi, na sehemu kubwa ya ujira inatoka serikalini. Kazi za nje ya chuo mara nyingi huwa kwenye ofisi za umma au mashirika yasiyotafuta faida. Kwa anayefundisha watoto kusoma, serikali inaweza kubeba ujira wote.

Kwenye kikundi changu wamo watoto wa Kikongo. Mmoja aliponisikia akacheka: “Mwalimu, unasemaka kama mu radio!”

Si peponi, lakini. Kiasi unachoandikiwa ni kikomo tu. Usipofanya saa, huoni senti. Theluji ikizuia basi, imekula kwako. Muhula wa kwanza nilikosa kabisa, waliojaza fomu mapema walishamaliza nafasi. Na hela yenyewe ni ya vitabu na mboga, kodi ya nyumba haigusi.

Binamu yangu kanipigia: “Kaka, nakuja na viza ya mwanafunzi, niunganishe hapo.” Mdogo wangu, huo mpango haukuhusu. Mwenye F-1, yaani hiyo viza ya mwanafunzi, hufanya kazi ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na mwaka wa kwanza kazi ya nje ni marufuku. Madalali wa vyuo wanaokupigia simu kila siku hawakwambii hilo, kwa sababu wanazozijua.

Nyumbani sidai tuige kila kitu. Bodi ianze na hilo fungu la fildi tu: liwe ujira, lisirudishwe. Mwanachuo wa ualimu aende Mbagala, kwenye madarasa yaliyofurika, akae na watoto watano watano wanaosoma kwa kusuasua, saa kumi kwa wiki, alipwe.

Na anayetumwa chai naye alipwe.