Acheni bandi yangu iwe pana

Ukishikwa na maumivu ya vidole, kila mtu huwa daktari. Jirani atakuambia ni maji baridi ya kufulia. Mwanao naye atakukumbusha kwa upole kwamba duveti zimejaa madukani hapa Nakuru, tena si ghali, sasa mama wajitesea nini na viraka?

Wananipenda, najua, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Sijawahi kushona blanketi la viraka kwa sababu ya kukosa la kujifunika. Na maji baridi yameonewa bure. Asubuhi za Julai huku kwetu, juu ya mita 1,800, vidole hukakamaa na maumivu huzidi, ila si baridi inayokula kiungo. Kilicholika kwangu ni gegedu, ile nyama laini na telezi inayotenganisha mifupa, na imelika pale shinani mwa kidole gumba. Kiungo cha namna hiyo ukikiweka tu bila kazi hakiponi. Kinazidi kukakamaa na misuli inayokishikilia inalegea. Kwa hiyo swali si kama nishone au nisishone. Swali ni nishone vipi.

Sindano yenyewe haina uzito. Shida iko kwenye kuibana. Nguvu ya kilo moja unayoibana nayo kwa ncha za vidole hufika shinani mwa gumba ikiwa kama kilo 12. Ndiyo maana mtu anaweza kubeba ndoo ya maji bila kulalamika, kisha ashindwe kuvuta sindano kwenye matabaka matatu ya kitambaa. Dawa yangu ni kipande cha blada, ile mipira ya tyubu wanayofungia mizigo kwenye baiskeli. Nakata kidogo, kama ukubwa wa stempu, nakikunja juu ya sindano na kuivuta. Mpira unashika wenyewe, kidole hakina haja ya kukaza. Kwenye kidole cha kati navaa kastabini, na sindano ni ile ndefu ya kudarizi yenye tundu kubwa. Kutunga uzi nimemwachia mjukuu. Jioni ananitungia sindano za kesho na kuzichomeka kwenye sponji, huku akiniuliza, "Shosho, si ungetumia tu gundi?"

Ila hayo yote ni madogo. Ninalotaka kulisema hasa ni kuhusu ukubwa wa mshono.

Wanawake wa rika langu tulifunzwa kwamba mshono mzuri ni ule usioonekana. Mwalimu wa sayansi kimu alikuwa akigeuza kitambaa upande wa nyuma, akikipitia kwa ukucha, na bandi, ule mshono wa sindano kuzama na kuibuka, ikizidi upana wa punje ya mchele unafumua. Hata leo ukipeleka blanketi kwenye chama, kabla mtu hajasifu rangi atakuwa ameshaligeuza. Sasa mshono ule mdogo ndio unaoumiza mkono kuliko chochote. Unabana sindano, unaitikisa juu chini kwa gumba mpaka ishike mishono minne mitano, ndipo unavuta. Gumba bovu haliwezi kazi hiyo. Na nimewaona mafundi hodari wakiacha kushona kabisa kwa sababu mishono yao haiko tena kama ya zamani. Wao huona afadhali wasishone kuliko waonekane wameshuka. Kwangu huo ni ubaya mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mimi sasa napiga bandi pana kwa uzi mnene, na nachagua rangi inayojitangaza: uzi wa manjano juu ya kitenge cha buluu, mweupe juu ya hudhurungi. Natoboa kwenda chini, navuta, natoboa kurudi juu, navuta. Ni polepole, lakini gumba linapata nafasi ya kupumua. Anayedhani huo ni ushonaji wa walioshindwa aangalie Bengali, ambako wanawake hupanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka na kuzishikanisha kwa bandi tupu, na kazi hiyo inaitwa kantha. Wajapani nao wana sashiko, uzi mweupe juu ya nguo ya nili, mshono ulioanza kama wa kuimarishia nguo za kazi. Hakuna anayeomba radhi huko kwamba uzi unaonekana. Umewekwa uonekane.

Kitambaa nacho kina makosa yake. Mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi ni mazuri kwa macho, ila vikiwa vipya vina wanga na vinapigana na sindano, kwa hivyo viloweke na uvifue kwanza. Leso kuukuu ni rehema. Shuka za mitumba zilizochakaa zinafaa sana kwa upande wa chini. Jinzi usiiguse, hata ukipewa bure.

Na cherehani? Ninayo. Lakini kusukuma blanketi zima chini ya mguu wa cherehani kunataka mabega na viganja vyenye nguvu, na ukishalikalia unawapa watu mgongo. Kwa sindano nakaa sebuleni na wenzangu, nasikia nani kaoa na nani kadaiwa.

Sisemi mtu ajikaze. Kuna siku naloweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kazi inabaki kwenye kikapu. Halafu kuna hili la kununua diklofenaki, ile dawa ya maumivu, dukani kila wiki ili umalize blanketi la harusi. Dawa hiyo ikizoewa hivyo huchimba vidonda tumboni, huumiza figo na kupandisha presha, na hakuna harusi ya thamani hiyo. Tena usijilinganishe nami kama vifundo vya mikono yote miwili vimevimba, vina joto, na kila asubuhi unakaa saa nzima kabla vidole havijakunjuka. Huenda hiyo ni baridi yabisi, ugonjwa tofauti na wangu, ambao hula kiungo kwa njia nyingine na una dawa zake zinazofaa kuanzwa mapema. Muone daktari kwanza, blanketi litangoja.

Lakini kama ni gumba tu, kama langu, tafuta kipande cha blada na uzi mnene. Na wenzangu wa chama, Jumamosi mkiligeuza blanketi langu, upande wa nyuma mtaona mishono mikubwa vilevile. Ile ya manjano nimeipenda zaidi.