Kesho Yetu Wanaichora Wauza Nyumba

Wiki iliyopita nilialikwa kwenye semina ya mabadiliko ya tabianchi katika ukumbi wa hoteli moja hapa mjini, ambao baridi ya viyoyozi vyake iliwafanya kina mama wajitande kanga juu ya mabuibui yao. Kwa saa mbili na nusu tulioneshwa dubu mweupe juu ya kipande cha barafu, mji wa ng'ambo uliomezwa na mafuriko, na ramani ya Unguja na Pemba iliyopakwa rangi nyekundu kila panapotarajiwa kuingia maji. Ulipofika wakati wa maswali, alisimama mkulima wa mwani kutoka pwani ya mashariki, mtu mzima, akamwambia mwezeshaji: "Mwanangu, maji ya moto tunayajua, tunayaingia kila bamvua. Sasa tuoneshe na huko tunakokwenda." Kijana akajibu kwa adabu zote, "Ahsante bi mkubwa, hilo tutalizingatia," kisha tukaitwa kunywa chai.

Sijazingatia jengine tangu siku ile. Mwanamke anayelima mwani hahitaji ramani nyekundu, kwa sababu kilimo hicho kilichoshika kasi hapa tangu 1989 kimemfundisha mwenyewe: kotonii, aina yenye bei nzuri, inakufa maji yanapopata joto, naye anasukumwa kuifuata kwenye kina ambacho asiyejua kuogelea hana usalama nacho. Kumwonesha huyu picha za maafa ni kumsomea mgonjwa jina la ugonjwa wake mara kumi na kumuaga bila ya dawa.

Wapo waandishi na wachoraji waliokwisha kuchoshwa na hadithi za kiama, wakaanza kuandika na kuchora dunia ya kesho iliyonusurika, ambamo nishati inatoka kwenye jua na upepo, vifaa vinatengenezwa badala ya kutupwa, na mtaa ndio wenye mtambo. Wameiita solapanki (kwa Kiingereza, solarpunk), na miongoni mwa vitabu vyake vya mwanzo kabisa ni mkusanyo wa hadithi uliochapwa Brazili mwaka 2012. Jina linachekesha, nakiri, na nyingi ya picha zake ni maghorofa yaliyoota majani kama gofu lililotelekezwa. Lakini waliloliona ni kweli: mtu hajengi asichowahi kukiona, hata kwa macho ya moyo.

Tazameni basi nani anayetuchorea sisi. Kesho ya Zanzibar iliyochorwa kwa rangi na ukubwa wa kuonekana iko kwenye mabango ya wauza nyumba, nayo ni mnara wa vioo wenye bwawa la kuogelea juu ya paa, bila ya muuza urojo hata mmoja, bila ya mtoto anayekwenda chuoni kusoma Kurani, bila ya mzee aliyekaa barazani. Mnara wa vioo chini ya jua letu ni tanuri, na tanuri hilo litataka kiyoyozi usiku na mchana, kwa umeme ambao Unguja tunauvuta kutoka bara tangu 1980, kwa waya unaopita chini ya bahari. Huku waliotutangulia, bila ya semina, walijenga Mji Mkongwe kwa kuta nene za mawe na chokaa, wakaacha ua katikati ili joto lipate pa kutokea, na wakaibana mitaa ili nyumba moja iipe kivuli nyenziwe. Najua mtanijibu kwamba nyumba hizo zinaporomoka, na kwamba hata Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la zamani, ilianguka upande mmoja Disemba 2020. Najua pia kwamba chokaa huchomwa kwa kuni. Haya, nimekubali. Kioo nacho hakichomwi kwa dua.

Waya huo ulitufunza jambo ambalo naona tumelisahau upesi mno. Mwaka 2008 umeme wake ulikatika tukakaa gizani takriban mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa tena, miezi mitatu. Mtaani kwetu fundi saa mmoja alikuwa na paneli moja ya jua, si kubwa kuliko sinia la biriani la watu wanane, na kila alasiri alitandika mkeka mlangoni, simu za mtaa mzima zikalala juu yake, kila moja ina kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Hakuna aliyeibiwa simu. Majenereta yalinguruma Darajani mpaka watu hawasikilizani, na pale kwenye mkeka tulikuwa tunazungumza. Hiyo ndiyo solapanki niliyoiona kwa macho yangu, na hakuna aliyeichora.

Wala si hiyo peke yake. Kinyasini, kaskazini mwa Unguja, wanawake wa vijijini, wengi wao waliosoma kidogo tu, wanafundishwa kufunga na kutengeneza mitambo ya jua, na wanarudi kwao kuwa mafundi. Katika kisiwa kidogo cha Chumbe, nyumba za wageni zinakinga maji ya mvua kwenye mapaa yake na zinatumia umeme wa jua. Mwaka 2006 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki, miaka 13 kabla ya bara, na nadhani iliwezekana kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amemwona bibi yake akirudi sokoni na kikapu cha ukili. Tulijua maisha bila ya mfuko yana sura gani.

Matumaini hayazuii bahari kuingia shambani, na anayechora paneli achore pia betri iliyokufa na mahali itakapotupwa. Wahisani wenye moshi mwingi kuliko wetu nao walipe wanachodaiwa. Hilo halina mjadala. Lakini tusisubiri hundi yao ndipo tushike kalamu.

Nimesikia kwamba semina ya pili itakuwa baada ya mwezi mmoja, ukumbi ule ule. Nimewaandikia waandalizi kuomba kwamba projekta izimwe kwa saa moja, ziletwe karatasi kubwa na kalamu za rangi, na bi mkubwa yule apewe nafasi ya kwanza kutwambia kijiji chake kiwe vipi mjukuu wake akifika umri wake. Mpaka leo nilichojibiwa ni namba ya mtu wa kumtumia risiti ya nauli.