Siku Marehemu Babu Alipoitwa na Muuguzi

Mwaka wangu wa kwanza wa masomo nchini Uingereza nilishikwa na homa, nikaenda kituo cha afya, nikaketi kusubiri zamu yangu. Muuguzi akatokea mlangoni na kuita, "Bwana Kombo!" Nilishtuka, kwa sababu Kombo ni babu yangu mzaa baba, aliyefariki Pemba kabla sijazaliwa, na ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya jahazi hadi Unguja, akitapika njia nzima. Muuguzi akaita tena. Niligeuka nikitarajia kumwona mzee mwingine wa Kipemba akiinuka, lakini hakuinuka mtu, nami nikaendelea kukaa kwa adabu hadi zilipopita dakika 40 na watu waliokuja nyuma yangu wakawa wameshatibiwa na kurudi makwao.

Nilipokwenda kulalamika, mhudumu alinieleza kwa upole kwamba Bwana Kombo ni mimi. Kwetu jina la mtu hufuatwa na la baba, kisha la babu; Mwingereza naye huanza na jina lake mwenyewe, lakini la mwisho ni la ukoo mzima, halibadiliki kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na neno la heshima hushikamana na hilo. Katika orodha huligeuza, la ukoo likatangulia na kufuatiwa na mkato, ambao mimi nilikuwa nimeudhania doa la wino. Niliikariri kanuni hiyo njia nzima, ila jioni ile ile nikamsikia mtangazaji wa redio akimtaja mwanamuziki Elton John, aliyetunukiwa cheo cha Sir mwaka 1998, kwa kumwita Sir Elton wala si Sir John. Nikazima redio.

Miaka miwili baadaye mke wangu alijifungua, tukaenda kwa msajili wa vizazi, kwani sheria ya England inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 42. Wanawake wengi wa huko huchukua jina la ukoo la mume, lakini mke wangu, kama ilivyo desturi yetu, alikuwa amekuja na babu yake mwenyewe, na karani akatuandika hivyo hivyo bila neno. Kisha akauliza jina kamili la mtoto, nami nikalitaja kwa fahari: lake, langu, na la mwisho Juma.

Karani akaacha kuandika. "Bwana Juma ni nani?"

"Ni baba," nikajibu.

"Baba wa mtoto?"

"Hapana, baba wa mtoto ni mimi. Juma ni baba yangu."

Karani alimgeukia mke wangu kwa macho ya huruma, akamuuliza kwa sauti ya chini kama angependa wazungumze wawili peke yao. Mke wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa amechoka, alicheka hadi mtoto akaamka na kulia, na maelezo yangu yote kuhusu ukoo yakapotelea katika kelele hizo.

Tulitoka na cheti ambacho mtoto ameandikwa Kombo. Nilipompigia simu baba yangu Pemba na kumsomea, alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akauliza amefanya kosa gani hata akarukwa.