The Great Indian Kitchen: inachosha, lakini kwa nani?

Lawama inayorudiwa sana dhidi ya filamu hii ya mwaka 2021 ya Kimalayalam (lugha ya jimbo la Kerala, kusini mwa India), iliyoongozwa na Jeo Baby, ni kwamba inachosha. Kukata mboga, kukuna nazi, kupakua, kuosha vyombo, kudeki. Kesho yaleyale, karibu bila muziki. Ni kweli inachosha. Ila mtazamaji amekaa tu. Anayezoa maji machafu chini ya sinki linalovuja ni bibi harusi (Nimisha Sajayan), na mumewe (Suraj Venjaramoodu) kila siku anasahau kumwita fundi bomba.

Walioisifu ni wengi, na ilitwaa tuzo ya filamu bora ya jimbo la Kerala. Mimi nimeshikwa na meza ya chakula. Wanaume wanakula kwanza na kuacha makapi ya mlonge waliyoyatafuna mezani, kando ya sahani. Wanawake wanakuja kula palepale. Siku wanayotoka kwenda mgahawani, mume anayatenga makapi kistaarabu. Mke anamtania: kumbe adabu ya mezani unayo! Bwana ananuna mpaka aombwe radhi.

Wanaodai wanaume wamechorwa kwa rangi moja wana hoja. Baba mkwe namwamini: anataka wali wa moto wa kuni na nguo zisizoguswa na mashine, na yote hayo anayaomba kwa upole, hata kumkatalia unaona aibu. Lakini mume, mwalimu anayefundisha darasani habari za familia, hatumjui zaidi ya ubinafsi wake.

Kuna pia walioona dini ya Kihindu imeshambuliwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India iliruhusu wanawake wa umri wote kuingia hekalu la Sabarimala huko Kerala, lililokuwa likiwazuia walio katika umri wa hedhi, na filamu inauingiza mzozo huo nyumbani: mke akiwa hedhini anatengwa, mume akijiandaa kwa hija ya huko. Hapo sauti ya mwongozaji inasikika kuliko ya wahusika. Hata hivyo, kuliondoa hekalu kungekuwa kujifanya kwamba mila ile imejiotea yenyewe jikoni.

Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine. Mfanyakazi wa ndani anasema huwa anaendelea na kazi akiwa hedhini, kimyakimya, kwa kuwa hana uwezo wa kukosa ujira wa siku hizo. Mke ana kwao pa kurudi na dansi ya kufundisha. Huyu hana, na filamu inampita haraka mno.